Mfumo mpya kwa bei ya punguzo: ununue au ungoje?

Usagara, pale barabara itokayo Mwanza mjini inapogawanyika, moja ikishika njia ya Shinyanga na nyingine ikielekea Kigongo kwenye Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa mwezi Juni 2025, lipo duka dogo la steshenari. Lina mlango mmoja, kompyuta moja, printa moja na benchi moja la wateja. Mwenye duka ni mama wa watoto wanne. Mumewe ni mfanyakazi wa kiwanda cha samaki huko mjini, na hurejea jioni kwa daladala. Hapo dukani huchapwa barua za maombi ya kazi, hujazwa fomu za Bodi ya Mikopo kwa vijana waendao vyuoni, huombwa vyeti vya kuzaliwa, na hutolewa fotokopi kwa shilingi 100 ukurasa.

Mwezi Novemba 2025 duka hilo lilipata mgeni. Alikuwa kijana mtanashati, fundi wa kompyuta kutoka mjini, mwenye begi mgongoni na karatasi za matangazo mkononi. Alisalimu kwa adabu, akabandika tangazo lake mlangoni kwa idhini ya mwenyewe, kisha akaeleza shida iliyomleta. Kompyuta ya mama huyo, alisema, ilikuwa imekwisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Dawa ilikuwapo: mfumo mpya, Windows 11, ambao bei yake ya kawaida kwake ni shilingi 250,000, lakini kwa atakayelipa kabla ya tarehe 30 Novemba ni shilingi 120,000 tu.

Mama huyo alishikwa na wasiwasi, na hapana shaka msomaji mwenye kompyuta nyumbani angeshikwa vile vile. Maana fundi hakusema uongo wote. Kwa wiki kadhaa kompyuta yenyewe ilikuwa ikitoa kidirisha cha kuonya juu ya tarehe hiyo hiyo. Na shilingi 120,000 zilikuwapo katika kibubu, ila zilikuwa na kazi yake. Binti wa pili alikuwa amemaliza darasa la saba, na Januari angehitaji godoro, shuka, sare na viatu vya kwenda navyo bwenini. Ukizipima fedha hizo kwa kazi ya duka, ni kurasa 1,200 za fotokopi, kabla hujatoa gharama ya karatasi, wino na umeme.

"Baba watoto, tununue au tungoje?" aliuliza usiku ule. Mumewe, ambaye ujuzi wake ni minofu ya sangara wala si kompyuta, alijibu kwamba kitu cha bei ya nusu kinachohimizwa kwa tarehe ni lazima kitazamwe kwanza ubavuni, kama samaki. Wakakubaliana kutomjibu fundi mpaka wameuliza.

Kilichokwisha ni nini hasa?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kompyuta ni chuma. Kinachokifanya chuma hicho kiamke, kitambue kibodi, kifungue faili na kuiambia printa ichape, ni programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za madukani na majumbani kwetu hutumia Windows, inayotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tangu hapo kampuni ilikuwa ikituma kila mwezi viraka vya kuziba matundu ambayo wezi na waharibifu huyagundua. Tarehe 14 Oktoba 2025 utumaji huo wa kawaida ulikoma.

Basi kilichokwisha ni viraka. Kompyuta haikuzimika. Asubuhi ya tarehe 15 mama yule alifungua duka na kuchapa barua kama jana yake, na angeweza kuendelea hivyo kwa miezi mingi. Hili fundi hakulisema.

Lakini mtu asije akadhani kwamba viraka ni mapambo. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache tu. Kilifunga mafaili ya watu kwa kufuli la siri, kikadai dola 300 ili kuyafungua. Huko Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kiraka cha tundu lile kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Machi mwaka huo huo, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale ambao mifumo yao ilikuwa imepitwa na wakati. Sasa fikiri juu ya kompyuta ya steshenari. Hiyo ndiyo inayochomekwa flashi za kila mtu apitaye, kutoka Misungwi, Sengerema, Geita na kwingineko. Humo zimo nakala za vitambulisho vya watu, barua zao na namba zao za simu. Kama ipo kompyuta inayohitaji viraka kuliko nyingine zote, ni hii.

Kwa hiyo swali la mama lilikuwa la haki. Lililohitaji kuchunguzwa ni dawa aliyouziwa, na bei yake.

Punguzo za zamani

Mtindo wa kuuza mfumo mpya kwa bei ya punguzo na tarehe ya mwisho haukuanza Usagara. Microsoft wenyewe wameufanya zaidi ya mara moja, na yaliyowapata wanunuzi wa wakati ule yana faida kwetu.

Mwaka 2009, kabla Windows 7 haijatoka, watu wa Marekani na Kanada waliruhusiwa kuagiza mapema kwa dola 49.99, hali bei iliyotangazwa ilikuwa dola 119.99. Nafasi hiyo ilidumu wiki mbili tu, tangu tarehe 26 Juni hadi 11 Julai. Waliowahi walipata kitu cha kudumu: Windows 7 iliendelea kupewa viraka hadi tarehe 14 Januari 2020, yaani zaidi ya miaka kumi.

Ikaja Windows 8, tarehe 26 Oktoba 2012. Safari hii punguzo lilikuwa kubwa zaidi: dola 39.99 kwa mwenye mfumo wa zamani, hadi tarehe 31 Januari 2013. Wengi wakakimbilia. Walipofungua wakakuta kile kitufe cha kuanzia, walichokizoea tangu mwaka 1995, hakipo, na mahali pake yamejaa mabamba ya rangi yaliyotengenezwa kwa ajili ya skrini za kugusa. Manung'uniko yakawa mengi hata kampuni ikatoa toleo la masahihisho, Windows 8.1, mwezi Oktoba 2013, bila malipo. Windows 8 yenyewe ikakoma kupewa viraka Januari 2016. Kwa hiyo aliyenunua kwa dola 39.99 alidumu na kitu chake miaka mitatu na kidogo kabla hajalazimika kubadili, na yule mwenzake wa dola 49.99 alikaa raha mustarehe muongo mzima.

Halafu, mwaka 2015, Windows 10 ikatolewa bure kwa mwaka mzima kwa wote waliokuwa na Windows 7 au 8.1 halali. Waliongoja bila kununua chochote wakaupata mfumo mpya pasipo kutoa senti. Mwandishi hasemi kwamba kungoja ni kuzuri siku zote. Aliyengoja na Windows XP baada ya tarehe 8 Aprili 2014, viraka vyake vilipokoma, alikuwa akicheza na moto.

Na tusisahau kwamba hata Serikali zimewahi kuungua kwa kubadili mfumo pupa. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mitambo mipya ikakorogeka vibaya, hata mwaka 1974 ikapigwa marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wazee waliofanya kazi maofisini wakati ule wanaikumbuka vema marufuku hiyo.

Namba iliyo kwenye kibandiko

Turudi Usagara. Mdogo wake mama, kijana aliye chuoni hapo Mwanza, alikuja siku ya Jumapili. Hakuanza kwa kuuliza bei. Aliinama akasoma kibandiko kilicho mbele ya kompyuta. Kiliandikwa Intel Core i5, na alipofungua ukurasa wa mipangilio akaona namba kamili: i5-4570.

"Dada, hii haiwezi," akasema.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ina masharti. Yahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwenda juu, nafasi ya gigabaiti 64, kichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa kompyuta za Intel, kichakato cha kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa vichache sana vya kabla ya hapo. Kizazi hicho husomeka kwa wepesi: katika namba zenye tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-4570 ni kizazi cha nne. I5-8500 ni cha nane. Ipo pia programu ndogo ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo hukupa jibu la ndiyo au hapana pasipo kuhesabu tarakimu. Kijana aliiendesha mbele ya dada yake. Ikasema hapana.

Kompyuta nyingi tunazouziwa kama zilizotumika Ulaya ni za rika hilo hilo, za kizazi cha tatu, cha nne au cha sita, zilizotupwa na maofisi ya huko zikiwa bado na nguvu. Kwa kazi ya kuchapa barua hazina ubaya wowote. Ila mlango wa Windows 11 umefungwa mbele yake.

Alipopigiwa simu, fundi alijibu kwamba anayo njia ya kupita ubavuni mwa masharti hayo. Ni kweli, njia hiyo ipo, na mafundi wengi wanaijua. Lakini Microsoft wametamka wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haihakikishiwi kupata viraka. Hapo ndipo mume, aliyekuwa amekaa kimya akimenya chungwa, alipouliza swali lililomaliza shauri: "Kama viraka ndivyo tulivyokuwa tunavinunua, na huko vilevile havina hakika, shilingi 120,000 ni za nini?"

Kuna jambo la pili ambalo kila mwenye kompyuta yafaa alijue kabla ya kufungua pochi. Kama kompyuta yake ina Windows 10 halali na inatimiza masharti, basi kupanda kwenda Windows 11 ni bure. Hubonyezwa katika ukurasa wa masasisho, na gharama ni bando tu, nalo si dogo, kwani faili lenyewe hupita gigabaiti 5. Fundi anayekufanyia kazi hiyo astahili ujira wa jasho lake na bando lake; hastahili bei ya leseni ambayo hakuinunua. Ama zile namba za leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi ni namba za jumla zilizotolewa kwa kampuni au shule fulani. Siku mwenyewe akizifuta, kompyuta yako huanza kudai leseni upya, na fundi simu yake haipatikani.

Je, mimi ni mtu au ni ofisi?

Ilibaki njia ya tatu, ambayo tangazo la mlangoni halikuitaja hata kwa herufi moja. Microsoft walifungua mpango wa kuendelea kutuma viraka vya usalama kwa Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa watu binafsi bei iliwekwa dola 30, zaidi kidogo ya shilingi 70,000 kwa thamani ya dola ya mwishoni mwa mwaka 2025, na malipo hayo yaliweza kufunika hata kompyuta 10 zenye akaunti moja. Asiyetaka kulipa angeweza kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti yake ya Microsoft, akapata viraka bure. Wakazi wa Ulaya waliondolewa hata sharti hilo la kuhifadhi, baada ya vyama vyao vya walaji kupiga kelele. Sisi wa huku hatukupiga kelele, na sharti likabaki palepale.

Kwa ofisi na makampuni bei ilikuwa nyingine kabisa: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka, hadi miaka mitatu.

Mama aliposomewa hayo aliuliza, "Sasa mimi ni mtu au ni ofisi?" Wote wakacheka, lakini swali lilikuwa zito. Kompyuta ni yake mwenyewe, kwa akaunti yake mwenyewe. Watoto huifanyia kazi za shule jioni na mumewe hutazamia mpira. Hata hivyo mchana inatafuta riziki. Mpango wa bure haukuwekwa kwa ajili ya biashara, na mwandishi hawezi kumwambia mtu kwamba duka si biashara. Familia ilijadiliana hadi saa nne usiku, na uamuzi wao ulikuwa huu: kompyuta ile ibaki nyumbani, iandikishwe kama mali ya nyumba, na dukani ijaribiwe njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni Linux, mfumo endeshi usiouzwa, ambao yeyote aweza kuuchukua na kuutumia. Kijana aliuweka katika flashi, toleo liitwalo Mint, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo pasipo kugusa kilichomo ndani. Mama akafanya nao kazi siku nzima. Printa iliitika. Intaneti ilifunguka, na fomu zote za mtandaoni zikajazwa kama kawaida. Lugha nayo haikuwa tatizo, maana kazi ya kuingiza Kiswahili katika programu za namna hii ni ya siku nyingi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004.

Ugumu ulitokea alasiri. Mteja alileta wasifu wake wa kazi, ulioandikwa kwa Word na kupangwa katika majedwali. Katika programu ya LibreOffice mistari ilisogea, na kurasa mbili zikawa tatu. Mama alitumia dakika 20 kuirudisha mahali pake, hali foleni inamtazama. Kwa mtu wa nyumbani aandikaye barua mbili kwa mwezi, hilo si kitu. Kwa mtu anayeishi kwa kuchapa kazi za watu walioziandika kwingine, ni hasara ya kila siku. Hapa mwandishi atofautiana na wale wapenzi wa Linux wasemao kwamba yafaa kila mahali. Inafaa mahali pengi, lakini kwanza ijaribiwe kwa kazi yako wewe, kwa mafaili yako wewe.

Mwisho wakapata mapatano ya kati. Linux ingetumika dukani kwa kufungua flashi za wageni, kwa intaneti na kwa fomu, yaani kazi zote zenye hatari. Mafaili ya Word yenye mapambo mengi, mteja ataombwa ayalete katika umbo la PDF, ambalo halisogei. Yale yanayodai kusahihishwa yangefanywa jioni nyumbani, kwenye Windows 10 yenye viraka vyake. Kwa kuwa kompyuta ni moja, waliitia diski ya pili iliyokuwa imelala kabatini, kila mfumo ukapata chumba chake, na kava la kompyuta likawa linabebwa asubuhi na jioni kwa bodaboda, limefungwa kwa kanga. Si mpango mzuri sana. Lakini ulimgharimu mama shilingi elfu chache za bando na nauli.

Na kompyuta mpya? Mjini alitajiwa shilingi 450,000 kwa kompyuta iliyotumika ya kizazi cha nane, ambayo huja na Windows 11 yake halali. Mume alichukua kalamu. Tangu Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 2025 hadi ile ya tarehe 3 Oktoba 2026 ni Jumamosi 44. Kwa shilingi 10,000 kila Jumamosi zapatikana 440,000, siku kumi kabla ya viraka kukoma, na ile elfu kumi iliyopungua haikumtisha mtu. Kibubu cha pili kikanunuliwa, kikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito ili kisichanganywe na kile cha shule.

Mwandishi alipita tena Usagara mwishoni mwa Januari 2026. Binti alikuwa amekwisha kwenda shule na godoro lake. Mama alikuwa akimchapia mzee mmoja barua ya kuomba kupimiwa kiwanja, na benchi lilikuwa limejaa. Tangazo la fundi lilikuwa lingali mlangoni. Pale palipoandikwa tarehe 30 Novemba palikuwa pamekatwa kwa kalamu, na juu yake pameandikwa 28 Februari. Bei ilikuwa ile ile, shilingi 120,000.